Wote Waliitikia Kwamba Wameelewa

Katika kiwanda kidogo cha kubangua korosho ninachofanyia kazi hapa Mtwara, jukumu langu ni kuwapokea wafanyakazi wapya na kuwafundisha kabla hawajakabidhiwa meza. Kwa miaka kadhaa nililitekeleza jukumu hilo kwa namna moja isiyobadilika. Wiki moja kabla ya msimu tulikodi ukumbi, tukapanga viti, nami nikasimama mbele na projekta tangu saa mbili na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri, nikieleza usafi, usalama, hatua za ubanguaji, na mwisho kabisa madaraja yote ya korosho karanga, yaani zilizokwisha kubanguliwa. Kila nilipomaliza sehemu niliuliza, "Tumeelewana?" na ukumbi mzima ukaitikia, "Tumeelewanaaa!" Zikaja soda na sambusa, watu wakatia saini kwenye orodha ya mahudhurio, tukapiga picha ya pamoja, nami nikaandika ripoti kwamba mafunzo yamefanyika kwa mafanikio.

Msimu mmoja, wiki tatu baada ya ripoti ya namna hiyo, niliitwa kwenye chumba cha kufungashia. Mkaguzi alikuwa amefungua boksi lililoandikwa W320 na kulimwaga juu ya meza, na hata mgeni wa kazi angeona kwamba punje za W240 zilikuwa zimejaa humo kama mchele wa daraja mbili uliotiwa gunia moja. Kwa msomaji asiyeijua biashara hii, herufi W huonyesha korosho nyeupe nzima, na namba inayofuata huonyesha idadi ya punje zinazoingia kwenye ratili moja, yaani takriban gramu 454. W240 ni punje 220 hadi 240 kwa ratili, na W320 ni punje 300 hadi 320. Ukipiga hesabu utaona kwamba punje moja ya daraja hili na punje moja ya daraja lile hutofautiana kwa kama nusu gramu tu, na mezani hakuna anayepima punje mojamoja kwenye mizani. Jicho ndilo mizani. Punje kubwa zikiingia kwenye boksi la ndogo, kiwanda kinauza mali ya bei ya juu kwa bei ya chini; ndogo zikiingia kwenye boksi la kubwa, mnunuzi analalamika na mzigo unarudi.

Nilichosema siku ile mbele ya mkaguzi kinanitia aibu mpaka leo. Nilisema, "Watu hawa hawafundishiki." Ilinichukua misimu miwili, na usomaji mwingi wa usiku baada ya watoto kulala, kutambua kwamba wanawake wale walikuwa wamesahau kwa namna ileile ambayo ubongo wa binadamu yeyote husahau, na kwamba aliyekuwa hajafundishika ni mimi, kwa kuwa kila mwaka nilipewa ushahidi uleule na kila mwaka nikarudia ukumbi uleule.

Habari ya kusahau si ngeni katika sayansi. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya juu yake mwenyewe, ambamo alikariri orodha ndefu za silabi zisizo na maana, akaacha muda upite, kisha akapima ni kiasi gani cha muda angeokoa akizikariri upya. Baada ya saa moja akiba yake ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Baada ya siku moja ilikuwa kama theluthi. Na baada ya mwezi ilikuwa kama moja ya tano. Mwaka 2015 watafiti wa Amsterdam walilirudia jaribio hilo na kupata mteremko unaofanana na wake. Ni kweli kwamba silabi zisizo na maana si korosho, na jambo lenye maana kwa mtu hukaa zaidi, lakini sura ya mteremko ndiyo ileile: sehemu kubwa ya kinachopotea hupotea mapema, kisha kilichobaki hupungua polepole. Mtu niliyemwonyesha picha ya W240 saa nane mchana siku ya Jumamosi alikuwa ameanza kuipoteza kabla hajafika kwake Chikongola.

Hata hivyo, lililonishtua zaidi lilikuwa jambo jingine. Mwaka 2006 Wamarekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu waliopewa kifungu cha maandishi wajifunze. Kundi moja lilikisoma kifungu hicho katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilikisoma katika kipindi kimoja tu, kisha katika vipindi vitatu likatakiwa kuandika kila linachokikumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tu walikumbuka asilimia 83 na wale waliojipima asilimia 71. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yalikuwa yamepinduka: waliosoma tu walikumbuka asilimia 40, na waliojipima asilimia 61. Na kabla ya matokeo kutoka, waliosoma tu ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka.

Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma mara tatu, kwa sababu ndani yake niliusikia ukumbi wangu. Walioitikia "tumeelewana" hawakuwa wakinidanganya wala kunifurahisha. Walikuwa wameelewa kweli, kwa dakika tano zile. Maneno yalikuwa bado yanawalia masikioni, picha ilikuwa bado iko ukutani, na kitu kinachopita kwa urahisi kichwani humfanya mtu ahisi kwamba kimeshakuwa chake. Hisia ya kuelewa ni jambo moja na kujifunza ni jambo jingine, na balaa ni kwamba hisia hiyo humdanganya mwanafunzi na mwalimu kwa pamoja.

Nimesoma chuo nikiwa mtoto Mikindani, na kila aliyepita kwenye mkeka wa madrasa anajua utaratibu wake. Hupewi darasa jipya kabla hujasoma la jana mbele ya mwalimu, bila msahafu, huku bakora iko karibu. Ukikwama, unarudi nyuma kudurusu. Siku ya Alhamisi ulidurusu ya wiki nzima, na mwalimu angeweza wakati wowote kukutupa kwenye sura uliyoihitimu miezi mitatu iliyopita. Bakora siitetei, na nitalirejea jambo la woga baadaye, lakini utaratibu wenyewe ndio hasa ambao maabara za Marekani zimeuthibitisha: kumtaka mtu alitoe jambo kichwani mwake kunalikaza jambo hilo kuliko kumwingizia mara ya pili, na kulitoa baada ya kuanza kulisahau kunalikaza zaidi. Nilikuwa nimelelewa ndani ya mbinu bora ya kufundisha, kisha nikaajiriwa na kuitupa kwa sababu haikuwa na slaidi.

Kwa nini muda upite katikati? Hapa ndipo sayansi ya ubongo wenyewe, si ya tabia tu, inapotusaidia, na mwalimu wake mkubwa ni mnyama ambaye watu wa pwani hatuwezi kumshangaa. Eric Kandel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000 pamoja na wenzake wawili, alitumia miaka mingi kumchunguza konokono wa baharini asiye na ganda la nje, kwa sababu mnyama huyo ana seli za neva kama 20,000 tu, nyingine kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho, ilhali ubongo wa binadamu una takriban bilioni 86. Ukimgusa konokono huyo kwa namna inayomtisha, hukaza viungo vyake, ukirudia, hujifunza. Kandel na wenzake waligundua kwamba mazoezi yaliyotawanywa kwa siku kadhaa huacha kumbukumbu inayodumu kwa wiki, wakati mazoezi hayohayo yakirundikwa pamoja huacha kumbukumbu dhaifu. Sababu iko kwenye kiungo kati ya seli moja ya neva na nyingine. Kumbukumbu ya muda mfupi huhitaji mabadiliko mepesi ya kikemikali tu, yanayokuja na kuondoka, lakini kumbukumbu ya muda mrefu hudai seli itengeneze protini mpya na kuotesha viungo vipya, na kazi hiyo ya ujenzi haiharakishwi kwa kumrundikia mtu maneno. Ni kama kukandika nyumba ya udongo: ukipiga tabaka la pili kabla la kwanza halijashika, yote mawili yanaporomoka.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, haukutoka kwa konokono bali kwa watumishi wa posta. Uingereza ilipoanza kutumia mashine za kupanga barua kwa namba za maeneo, ilibidi watumishi wengi wajifunze kupiga taipu, na Alan Baddeley na mwenzake D. J. A. Longman, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1978, waliwagawa katika ratiba tofauti. Wapo waliofanya mazoezi saa moja tu kwa siku, na wapo waliofanya saa nne kwa siku katika vipindi viwili vya saa mbili mbili. Wale wa saa moja kwa siku walifikia kiwango kwa saa 55 za mazoezi. Wale wa saa nne kwa siku walihitaji kama saa 80 kufikia kiwango kilekile. Sasa ongeza hili: watu wa saa moja kwa siku, ambao ndio waliojifunza vizuri zaidi kwa kila saa, ndio waliokuwa na manung'uniko mengi zaidi juu ya ratiba yao, kwa sababu kwa hesabu ya siku walijiona wanachelewa nyuma ya wenzao.

Mimi nilijua ningekumbana na manung'uniko hayo, na nilikumbana nayo. Msimu uliofuata nilimwomba meneja anipe dakika ishirini kila asubuhi kwa wiki nne badala ya siku moja ya ukumbi. Aliniuliza swali la haki kabisa: picha ya pamoja ya kuambatisha kwenye ripoti itapatikana wapi? Tulikubaliana kwamba nitapiga picha siku ya mwisho. Fedha za ukumbi na sambusa zilinunua mizani ndogo ya kielektroniki, trei kumi za plastiki, na kitambaa cheusi cha kufunika meza ya mafunzo ili punje nyeupe zionekane vizuri.

Nieleze trei hizo kwa kirefu kidogo, maana ndizo zilizobadilisha kazi. Zamani nilifundisha daraja moja moja: kwanza W180, korosho kubwa ambazo wafanyabiashara huziita wafalme, kisha W210, halafu W240, na kadhalika mpaka W450. Ni utaratibu unaoonekana wa busara, na wanafunzi huupenda. Lakini mwaka 2008 Nate Kornell na Robert Bjork walichapisha jaribio ambalo watu walionyeshwa michoro ya mandhari ya wachoraji kumi na wawili. Kazi za wachoraji wengine zilionyeshwa mfululizo, mchoraji mmoja hadi amalizike, na za wengine zilichanganywa. Walipopewa michoro mipya wasiyowahi kuiona na kuulizwa ni ya nani, walimtambua kwa usahihi zaidi mchoraji ambaye kazi zake walizisoma zikiwa zimechanganywa. Na hapa pia, walipoulizwa ni njia gani iliyowasaidia, wengi walitaja ile nyingine. Sababu si ngumu kuiona ukishaambiwa: ukiangalia W240 peke yake kwa saa nzima unajifunza sura ya W240, lakini kazi mezani haikuulizi sura yake, inakuuliza ni nini kinachoitofautisha na W210 upande huu na W320 upande ule. Tofauti haionekani mpaka vitu viwili viwe pamoja.

Kwa hiyo kila asubuhi namwekea kila mfanyakazi mpya trei yenye punje thelathini zilizochanganywa madaraja matatu au manne, na baadhi yake nimezipima mwenyewe na kuzijua. Anazitenga, ananiambia sababu, kisha anaweka zile alizozitilia shaka kwenye mizani. Jibu analipata palepale, punje ikiwa bado iko kwenye vidole. Wiki ya kwanza ni ya mateso. Mama mmoja kijana kutoka Tandahimba alisukuma trei siku ya nne na kusema, "Kaka, mbona wewe hutufundishi? Kila siku unatuuliza tu." Nilimwambia kwamba hilo ndilo fundisho, naye akaniangalia kama mtu anayeuziwa mbuzi kwenye gunia. Sikumlaumu. Alikuwa anahisi hajifunzi, na kwa kipimo cha hisia alikuwa sahihi kabisa.

Yapo mambo ambayo hata trei haiyafikii, kwa sababu hayakai katika sehemu ile ya kumbukumbu inayoweza kusemwa kwa maneno. Kwenye chumba cha kubangua tunaye mama wa makamo ambaye sote tunamwita Bibi, na mashine yake ya mkono na mguu hutoa korosho nzima kuliko mashine yoyote nyingine, ingawa zote zimetoka kwa fundi mmoja. Siku moja nilikaa karibu naye na daftari. "Bibi, unajuaje ni wakati gani wa kuacha kukandamiza?" Akabangua tatu, akasimama, akabangua nyingine mbili, kisha akacheka. "Mwanangu, mimi sijui. Mkono ndio unajua. Ukiniuliza naharibu." Na kweli, punje mbili alizobangua akiwa ananifikiria mimi zilikatika.

Bibi hakuwa ananikwepa. Mwaka 1953 huko Marekani kijana wa miaka 27 aitwaye Henry Molaison, aliyekuwa akisumbuliwa na kifafa kikali, alifanyiwa upasuaji na daktari William Scoville, akaondolewa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo cha ubongo kinachosaidia kuhifadhi kumbukumbu mpya. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo mpaka alipofariki mwaka 2008 hakuweza kuhifadhi tukio jipya. Mtu akitoka chumbani na kurudi, alikuwa mgeni. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kufuatisha mstari wa nyota kwa penseli huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu, kazi ambayo humchanganya kila anayeijaribu. Siku baada ya siku Molaison aliifanya vizuri zaidi, na kila siku aliamini kwamba hajawahi kuiona. Ndipo ikadhihirika kwamba kumbukumbu si ghala moja. Kujua kwamba jambo fulani liko hivi ni kazi ya njia moja ya ubongo, na kujua namna ya kufanya ni kazi ya njia nyingine, na ya pili hii haihitaji maneno ya ile ya kwanza.

Matokeo yake kwa kiwanda ni ya moja kwa moja. Slaidi kumi na mbili nilizokuwa nikizionyesha kuhusu pembe ya kuweka korosho kwenye kisu zilikuwa zikizungumza na sehemu ya ubongo isiyobangua. Siku hizi mfanyakazi mpya huketi mashine ya pili kutoka kwa Bibi, hubangua nusu saa tu, huondoka kufanya kazi nyingine, na kurudi tena nusu saa mchana. Bibi haelezi, anaonyesha, na wakati mwingine anashika mkono wa mwenzake na kuukandamiza pamoja na wake. Nimejifunza pia kutomwomba Bibi atoe mada. Fundi aliyebobea mara nyingi ndiye mwalimu mbaya wa maneno, kwa kuwa hatua alizozipitia zimeshazama mkononi na yeye mwenyewe hazioni tena.

Kuna msimamizi mwenzangu ambaye kila ninapotaka kuwachukua wanawake wenye zaidi ya miaka arobaini na tano hunisomea methali: samaki mkunje angali mbichi. Mimi humjibu kwa habari ya madereva wa teksi wa London, ambao kabla ya kupewa leseni hulazimika kujua vichwani mitaa kama 25,000 ya jiji lile, kazi ya miaka mitatu au minne. Eleanor Maguire na mwenzake Katherine Woollett waliwafuatilia wanafunzi 79 wa udereva huo na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Waliofaulu walikuwa 39, na ubongo wao, ukilinganisha picha za kabla na za baada, ulikuwa umeongezeka katika sehemu ya nyuma ya hipokampasi. Ambao hawakufaulu na ambao hawakusoma kabisa hawakuonyesha ongezeko hilo. Wote walikuwa watu wazima. Msimamizi mwenzangu anasema London si Mtwara, na katika hilo sina la kumpinga, lakini samaki wetu anakunjika.

Kuhusu usalama nilikuwa na kosa la aina yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelekezo na mafunzo, nasi tulikuwa tukiwasomea wapya kanuni kumi na nne getini, kwa sauti, siku ya kwanza, wakiwa bado hawajui hata choo kiko wapi. Mwaka 1956 George Miller alikadiria kwamba mtu anaweza kushikilia akilini kwa wakati mmoja mambo kama saba, na mwaka 2001 Nelson Cowan alipitia ushahidi upya akashusha idadi hiyo mpaka karibu manne. Ndiyo maana namba ya simu yenye tarakimu kumi tunaitaja kwa mafungu, na aliyetajiwa moja moja bila kupumua hurudia, "Hebu anza tena." Siku ya kwanza sasa ninasema matatu tu, yote yanayohusu mafuta ya ganda, ambayo huunguza ngozi kama tindikali: usibangue bila kupaka mikono mafuta ya kupikia au kuvaa glavu, usijifute uso kwa mkono wa kazi, na yakikurukia jichoni piga kelele huku unakwenda bombani. Nyingine kumi na moja zinakuja kila moja kwa siku yake na mahali pake, mbele ya mashine inayohusika, na kesho yake naziuliza.

Woga nilisema nitaurejea. Kiasi kidogo cha mshtuko humwamsha mtu, lakini homoni ya kotisoli inayomwagika wakati wa msongo mkubwa huzuia ubongo kuyatoa yale ambayo tayari unayajua. Imepimwa zaidi ya mara moja. Mtu anayefokewa "Hii ni ngapi?" mbele ya wenzake hawezi kujibu, na kushindwa kwake si ushahidi kwamba hajui. Kwa hiyo maswali yangu ya asubuhi hayana alama na hayaandikwi popote. Meneja hajafurahishwa na jambo hili, na nadhani tutalibishania tena.

Nitoe tahadhari moja, kwa sababu neno ubongo limekuwa kiungo cha kutia kwenye kila mchuzi. Amewahi kutujia mtaalamu wa mafunzo kutoka mbali, akatugawa kwa dodoso kuwa watu wa kuona, watu wa kusikia na watu wa kutenda, akatuambia tunatumia asilimia kumi tu ya ubongo, na kwamba wahasibu ni watu wa ubongo wa kushoto. Alilipwa vizuri. Hadithi ya asilimia kumi haina msingi wowote, na kuhusu mitindo ya kujifunza, wanasaikolojia wanne walioombwa kupitia ushahidi walichapisha tathmini yao mwaka 2008 na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa mtindo wake kunamsaidia. Mwaka huohuo Deena Weisberg na wenzake walionyesha kwamba maelezo mabovu ya tabia za watu hukubalika zaidi na wasio wataalamu yakitiwa sentensi inayotaja ubongo, hata kama sentensi hiyo haina kazi yoyote. Ninaliandika hili nikijua kwamba linanihusu. Mengi ya yaliyonisaidia mezani yalitoka kwa watu waliohesabu makosa ya wanafunzi wao kwa kalamu, na konokono na picha za ubongo zikaja baadaye kueleza kwa nini.

Korosho za kwanza za msimu zinaanza kuletwa maghalani mwezi wa kumi, na watu ishirini na wawili wataripoti Jumatatu. Usiku huu nimekaa sebuleni na mizani na bakuli nne. Nimepima punje thelathini za trei ya kwanza na kuzichanganya, kisha nikajaribu kuzitenga mwenyewe kwa jicho kabla sijatazama orodha yangu. Nimekosea tatu, zote kati ya W210 na W240. Nimezirudisha kwenye bakuli. Nitazijaribu tena asubuhi.